Kurasa za Mbele za Kaye ya Baba Kikuni

Kosa ni langu. Naliandika neno hilo mwanzoni ili usipoteze muda kumtafuta mkosaji mwingine humu. Nimefikiria miaka mingi jinsi ya kulisema, na kila nikianza najikuta nimeanza kujitetea. Leo sijitetei. Jina langu sitaliweka, kwa kuwa nina mume na watoto na mji wetu wa Kindu ni mdogo. Wale wa wakati ule watanijua tu. Wakinijua, basi.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili nilipopata kazi kwenye maktaba ya mji, ile tuliyoiita biblioteki. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, aliletwa Kindu kutoka Kasai kabla sijazaliwa. Kwa hiyo mimi ni mtoto wa hapa, ingawa wenyeji walinitania kwamba nilishuka kwenye treni nikasahau kupanda tena. Ilikuwa ile miaka ya kwanza ya otantisite, tulipoacha majina ya ubatizo tukachukua ya mababu, na kila mtu akawa sitwayen, yaani raia. Kazi yangu ilikuwa kupanga vitabu, kuandika kadi za wasomaji na kufuta vumbi. Vumbi ndilo lilikuwa kazi kubwa.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya Kifaransa, vimeachwa na Wabelgiji, vingine vimeliwa na mchwa pembeni. Rafu moja tu ilikuwa na kibao kipya. Mkubwa wangu, Sitwayen Lukali, alikiandika kwa mkono wake mwenyewe: VITABU VYA MANIEMA. Kwenye rafu hiyo hakukuwa na kitabu hata kimoja. Kila siku redio ilituambia turudi kwa mababu, na rafu ya mababu ilikuwa tupu. Sitwayen Lukali aliona haya sana. Alikuwa mtu wa miwani na maneno machache, na wageni walipokuja aliwapitisha upande mwingine.

Ndipo akaja Baba Kikuni.

Alikuwa mzee wa milimani, upande wa Pangi. Alichimba mawe ya bati kwenye mashimo ya kampuni miaka thelathini, na nguvu zilipokwisha akashuka kuishi mtaa wa Mikelenge, hapa Kindu, na mke wake, wakilima muhogo na karanga. Kusoma alijifunzia kambini, ukubwani, na alikuwa akisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno moja, anapumzika, neno lingine. Siku ya kwanza alivua kofia mlangoni.

"Mama," aliniambia, "kitabu yenye inasema maneno ya kwetu kule ku milima, iko fasi gani?"

Nilimwonyesha rafu tupu. Aliitazama kwa muda.

"Haiko," akasema.

"Haiko, Baba."

"Basi mutu aiandike."

Nilicheka. Nilidhani anatania. Wiki iliyofuata alirudi na kaye mpya, daftari nene lenye jalada la bluu, karatasi zake zimeshonwa kwa uzi katikati. Aliketi kwenye meza ya dirishani, akalamba ncha ya penseli, akaanza.

Sasa nikueleze desturi ya kwao, maana bila hiyo hutaelewa nilichofanya. Kwa watu wa Baba Kikuni hadithi ni mali ya mtu. Huwezi kuisimulia hivi hivi. Kabla ya kufungua mdomo ni lazima utaje aliyekupa: fulani, mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, yeye njo alinipatia. Asiyetaja wanasema ameiba mdomo wa mtu. Na kuiba mdomo ni kubaya kuliko kuiba mbuzi, kwa sababu mbuzi hulipwa.

Baba Kikuni alifikiri sana juu ya jambo hilo. Kuandika, alisema, ni kusimulia kwa watu ambao hutawaona, kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Akaniomba kile kisahani cha wino tulichotumia kwa mihuri. Kila baada ya miezi michache alipanda kamiyo, lori la kampuni, kwenda milimani, kaye kwapani na kisahani changu mfukoni, na kila aliyempa hadithi alichovya kidole gumba kwenye wino na kukibandika kwenye kurasa za mbele, kando ya jina lake. Alirudi kila mara akiwa na vidole vipya, ananionyesha kimoja kimoja kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu.

"Hiyi ya dada yangu. Ona, iko na kovu ya kisu. Hiyi ya bibi moja mwenye hawezi kuona tena. Alisema, Kikuni, unishike mukono, nisikose karatasi."

Kisha aliniachia kaye. Nyumbani kwake paa lilivuja, na wajukuu wa jirani walisokota tumbaku kwa karatasi yoyote waliyoiona. Aliniwekea mikononi na kusema, "Wewe njo sanduku yangu." Niliifungia kwenye droo yangu. Alipokuja kuandika nilimpa, alipomaliza alinirudishia. Alikuwa ameweka uzi wa ukindu pale alipoishia, hivyo alifungua palepale katikati na kuendelea. Kurasa za mbele hakuzitazama tena isipokuwa anapotoka safari.

Mimi wakati huo nilikuwa na mchumba. Alikuwa karani wa reli, akahamishiwa Lubumbashi, na nilimwandikia kila wiki barua ndefu za kijinga nikampa mkuu wa treni azifikishe. Karatasi mjini zikaadimika. Dukani unaambiwa subiri boti, boti likija linaleta sabuni. Nilianza kuandika nyuma ya kadi za zamani za wasomaji, nikaona aibu, mchumba atadhani nimefukarika. Na pale kwenye droo, kila nikivuta, kuna kaye nene ya bluu yenye karatasi nyeupe kabisa mwishoni, zaidi ya alizohitaji mzee.

Nikachomoa moja. Ya mwisho kabisa. Nilisema moyoni kwamba karatasi tupu haina mwenyewe.

Wiki nyingine nikachomoa ya pili, kisha ya tatu, na ya nne. Mimi, mtu wa vitabu, nilikuwa nashika daftari za kushona kila siku ya Mungu, na sikukumbuka kitu ambacho hata mtoto wa shule anakijua: karatasi ya mwisho na karatasi ya kwanza ni karatasi moja iliyokunjwa. Ukichomoa ya nyuma, ndugu yake wa mbele hana kinachomshika.

Siku moja nilifungua jalada, kurasa nne za mbele zikaniteleza mkononi. Majina yote. Vidole vyote.

Nilizikusanya haraka nikatazama mlangoni. Lakini sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ubaya wenyewe unapoanza. Kama ningezirudisha tu mle ndani, zikiwa zimelegea hivyo hivyo, leo nisingekuwa na la kuungama. Mzee angeuliza, ningesema uzi umeoza, angetikisa kichwa, tungeshona. Mimi niliogopa kwamba akiziona zimelegea atahesabu na za nyuma. Nikazitoa, nikazitia kwenye bahasha, nikaisukuma bahasha mwisho wa droo. Nilipanga kupika uji wa muhogo wa kugundishia na kuzibandika vizuri kabla hajatoka safari nyingine.

Sikupata nafasi. Asubuhi iliyofuata Sitwayen Lukali aliingia akiwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alikuwa amepata ruhusa. Kaye ya Baba Kikuni ingetiwa jalada gumu, ingepewa namba, na ingekuwa kitabu cha kwanza kwenye ile rafu. Jumamosi mchana mzee angeisoma mbele ya watu. Ndugu zake wa milimani walikuwa wameshaitwa kwa mdomo wa dereva wa kamiyo. Akachukua kaye kutoka mikononi mwangu, akabandika karatasi kwenye jalada, akaandika KIKUNI kwa herufi kubwa, akaifungia kwenye kabati lake. Ufunguo alitembea nao shingoni.

Ningeweza kumwambia wakati ule. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nilimuuliza kama viti vitatosha.

Jumamosi ilifika. Watu wa reli walikuja, walimu walikuja, na mtu mmoja wa chama akaja akakaa mbele. Mke wa Baba Kikuni alikuwa amepika pondu ya majani ya muhogo na samaki kwa ajili ya wageni, sufuria zimefunikwa kwa majani barazani. Ndugu wa milimani walikuwa sita, wamechafuka vumbi la safari, wakiongozwa na kaka yake mkubwa, Mzee Mulamba, ambaye huko kwao ndiye wa mwisho kusema jambo likiamuliwa. Baba Kikuni alivaa abakosti, ile suti ya otantisite isiyo na tai, aliyoazimwa na Sitwayen Lukali. Ilimbana mabegani. Sijawahi kuona mtu mzima mwenye furaha namna ile, alikuwa akishika vifungo vyake kimoja baada ya kingine.

Akafungua kaye mwanzo, ataje majina kwanza kama inavyotakiwa.

Akafunua. Akarudisha. Akafunua tena. Ukurasa wa kwanza mbele yake ulianza moja kwa moja na hadithi ya ngiri. Alilowesha kidole akajaribu kutenganisha karatasi, akidhani zimeshikamana. Watu wakaanza kukohoa.

"Mudogo yangu," Mzee Mulamba akasema, "majina iko wapi?"

"Yaya, ilikuwa hapa," akamjibu kaka yake.

"Iko wapi?"

Baba Kikuni akaanza kuyataja kwa kichwa. Aliyataja moja moja, bila kukosea, nadhani. Mzee Mulamba aliinua mkono.

"Jina wewe unaweza kusema. Mudomo ni yako. Kidole njo ilikuwa yao, na wawili wamekwisha kufa, hawataweka ingine." Akaomba kaye, akapitisha kucha kwenye mshono. "Hiyi haikuanguka. Mutu amevuta." Kisha akafunga jalada, akatazama ile karatasi iliyobandikwa. Hakujua kusoma, akamuuliza mwalimu aliyekuwa karibu imeandikwa nini.

"Kikuni," mwalimu akasema. "Kikuni peke yake."

Hapo nikaona wale sita wanatazamana. Kwao jambo lilikuwa wazi: ndugu yao alitoa majina ya watu ili libaki lake.

Baba Kikuni alinigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na meza yangu, droo iko kwenye paja langu kabisa, na bahasha iko ndani ya droo.

"Mama, wewe njo ulichunga kaye. Kuko mutu aliigusa?"

Alikuwa ananipa mlango. Sasa naelewa kwamba hata kama ningesema "mimi sijui, watu wengi wanaingia hapa," angepona. Wangesema labda ni mwizi, labda ni panya. Lakini mtu wa chama alikuwa ananitazama, na Sitwayen Lukali alikuwa ananitazama, na mimi nilifikiria kazi yangu.

"Hapana, Baba," nikasema. "Hakuna mutu aliigusa. Ni wewe peke yako."

Niliongeza hilo la mwisho mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza.

Ndugu zake waliondoka bila kugusa chakula. Kwa watu wa kwetu hiyo ni kukata undugu. Mke wake alibaki barazani na sufuria zake, anafukuza nzi. Baba Kikuni alivua abakosti ya watu, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti, akabeba kaye yake akaenda zake akiwa na fulana.

Kwa miezi miwili sikumwona. Kila siku nilisema kesho nitakwenda Mikelenge nikampe bahasha. Kesho zikawa nyingi. Kisha siku moja akaja mwenyewe, amekonda, akaniwekea kadi yake ya msomaji mezani. Akavuta kiti akaketi, akanong'ona ili Sitwayen Lukali asisikie.

"Mama, nataka kukuuliza. Usinifiche, mimi ni muzee. Umewahi kuniona nakuja hapa siko na akili? Labda nilivuta mie mwenyewe, sikumbuke. Baba yetu vilevile uzeeni alikuwa anasahau."

Alikuwa ananiomba nimsaidie kujua kama amerukwa na akili. Na mimi, ee Mungu wangu! Nilitazama kadi yake.

"Sijue, Baba," nikasema. "Labda."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru. Hiyo shukrani bado ninayo, sijui niipeleke wapi.

Alifariki mvua za mwaka ule, homa ya siku chache. Sitwayen Lukali alituma habari milimani kwa kamiyo. Mtu wa kwao anapofia ugenini, ndugu hushuka kumchukua akalale kwenye udongo wa kwao. Tulisubiri siku mbili, na hali ya hewa ya Kindu haikuruhusu zaidi. Hakuna aliyeshuka. Tulimzika Mikelenge, majirani na sisi watu wa biblioteki, na hakukuwa na mtu wa kumtaja kwa majina ya ukoo wake kaburini kwa sababu hayo hutajwa na ndugu wa damu tu. Padri alisema "Kikuni" peke yake.

Baada ya maziko nilikwenda kwa mjane nikiwa na bahasha kwenye kitenge. Nilikuwa nimekata shauri. Nilimwambia nataka ile kaye, nitengeneze kitu.

"Kaye gani tena?" akasema. "Ile aliimaliza mbele homa haijamulaza. Kila asubui alikuwa anavuta karatasi moja, anasoma kwanza polepole ndani ya roho, kiisha ananipatia niwashe moto. Nilimukataza. Akasema, haina mwenyewe."

Nilikaa chini palepale penye majivu. Mama yule alidhani nalia msiba.

Nilimwambia ukweli siku ileile. Hakunipiga, hakunitukana. Aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango, na mpaka leo tukikutana sokoni ananipisha njia kama anavyopisha mtu asiyemjua.

Kiangazi nilipanda kamiyo kwenda milimani. Sikuwahi kufika huko maishani. Barabara inazunguka inapanda mpaka masikio yanaziba, na asubuhi ukungu unalala chini yako bondeni. Nilimkuta Mzee Mulamba anakausha karanga. Nilipiga magoti nikamweleza yote, tangu karatasi ya kwanza ya barua mpaka moto wa mjane. Nikatoa bahasha. Watu walikusanyika. Mtoto wa yule dada mwenye kovu akaomba aone kidole cha mama yake, akaweka gumba lake juu ya lile gumba, akakaa hivyo.

Mzee Mulamba aliziacha karanga zake. "Tulimunyima udongo yake," akasema mwishowe, hakuniambia mimi, aliwaambia wenzake. Wanawake wakaanza kulia papo hapo, kilio cha msiba, ingawa marehemu alikuwa na miezi mingi kaburini.

Nilimwomba azipokee zile kurasa. Akazisukuma kwangu kwa nyuma ya mkono.

"Hivi vidole ilikubali hadithi ipite. Hadithi iko wapi? Chunga wewe."

Ndivyo ninavyozichunga. Mchumba wa Lubumbashi alioa mwingine zamani, hilo halina uzito, sijui hata kama alizisoma barua. Biblioteki niliiacha mwenyewe. Sitwayen Lukali nilimwambia kabla ya kuondoka, akavua miwani yake akaifuta. Rafu ile, nasikia, wanawekea ndoo. Watoto wangu wakiniomba hadithi nawatuma kwa jirani, wanadhani mama yao ni mkali tu.

Wewe unayesoma, labda na wewe umeachiwa kitu cha mtu ukitunze, kaye, ufunguo, au siri. Labda umeshakiharibu kidogo na unatafuta gundi. Usitafute gundi. Nenda umwambie leo, hata kama wageni wameshaketi na kazi yako iko hatarini, kwa sababu kazi nyingine utapata na aibu utaizoea. Na akikuuliza mbele ya watu kama kuna aliyeigusa, sema, "Ni mimi."

Mimi sikusema, na yule mzee alikufa akiamini kwamba ni mkono wake mwenyewe.